Mama anakuja Juni: bustani gani ya Kiingereza, wiki ipi, na tuanzie wapi?

SWALI: Mama yangu, miaka 67, anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi wa Juni. Nyumbani ana maua mpaka barazani, na tangu apate viza anazungumzia bustani za Waingereza tu. Naishi London mashariki, sina gari, na kazini nimepewa ruhusa ya siku moja. Nimpeleke wapi, wiki gani, na tukifika tufanye nini? Magoti yake si mazima sana. Pia anataka kurudi na pingili za waridi akapande. Inawezekana?

JIBU: Dada, mpe mama shikamoo zetu kwanza. Kisha tia alama kwenye kalenda: siku ya katikati ya wiki, kati ya tarehe 14 na 25 Juni. Mpeleke Sissinghurst, Kent, na siku hiyo msiende kwingine kokote. Karibu na hapo kuna bustani nyingine maarufu, Great Dixter, na wengi hujaribu kuziunganisha mbili kwa siku moja bila gari. Wanachokumbuka baadaye ni vituo vya basi.

Tunaanza na tarehe kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea zaidi. Mawaridi yaliyozipa bustani hizi sifa mengi ni mawaridi ya kale, ambayo huchanua mara moja tu kwa mwaka. Kichaka kimoja hukaa na maua wiki tatu au nne, kisha basi mpaka mwakani. Ukienda mwisho wa Mei utakuta vitumba. Utaona airisi, alium zenye vichwa vya duara kama mpira, na peoni zinazoanza kufumbuka, ni maua mazuri kabisa, lakini mama atauliza waridi liko wapi. Ukienda katikati ya Julai, waridi liko chini limetawanyika. Majira ya kuchipua yakiwa na joto, kila kitu husogea mbele kwa wiki moja au zaidi. Yakiwa ya baridi, hurudi nyuma. Kwa hiyo usijifunge mapema kwa tiketi ya treni isiyobadilishwa. Fuatilia picha ambazo bustani yenyewe hutoa wiki hiyo. Ukiona vichaka vimefunguka nusu na vitumba bado vingi, una siku kumi nzuri mbele yako.

Sasa mahali penyewe. Pana jina la kasri, lakini usimwahidi mama kasri. Jina hilo linatokana na wafungwa wa Kifaransa waliowekwa hapo wakati wa Vita vya Miaka Saba (1756–1763), wakapaita kwa lugha yao "château". Jumba kubwa la karne ya 16 lilibomolewa sehemu kubwa, na kilichobaki ni mnara wa matofali mekundu, vipande vya kuta, na nyumba chache zilizotawanyika. Mwaka 1930 mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson walipanunua pakiwa gofu lenye magugu na takataka. Vita alikulia Knole, jumba kubwa hukohuko Kent, na baba yake alipofariki 1928 halikumwendea yeye kwa kuwa ni mwanamke. Lilikwenda kwa ami yake. Mama hatahitaji kuelezwa sana habari hiyo. Wageni wa nje walianza kuingia kwa kiingilio cha shilingi moja mwaka 1938, na tangu 1967 mali iko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na bustani za kale.

Wawili hao waligawana kazi: Harold alichora mistari, Vita akapanda. Mistari ya Harold ndiyo inayofanya bustani hii ieleweke kwa mtu wa pwani kuliko nyingine nyingi. Kiswahili kinatumia neno lilelile, ua, kwa kitu kinachonukia na kwa uzio unaozunguka nyumba. Hapa vyote viwili vinafanya kazi pamoja. Bustani ni mfululizo wa nyua, kila mmoja na kuta zake za matofali au za mti wa taksusi uliokatwa ukanyooka kama ukuta uliopigwa lipu. Ukiwa katika ua mmoja huoni wa pili. Unavuka uwazi mwembamba, na ghafla rangi zote zimebadilika. Mwambie mama kwamba kila ua ni uani pa mtu mwingine.

Kufika. Chukua treni ya kwenda Staplehurst kutoka Charing Cross au London Bridge. Ni kama saa moja. Kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London, haifiki huko, nunua tiketi ya kwenda na kurudi ya nje ya muda wa msongamano. Ipo pia kadi ya punguzo ya watu wawili wanaosafiri pamoja, inayotoa theluthi moja ya nauli. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi. Inataka picha zenu wote wawili, na mgeni anaruhusiwa kuwamo. Piga hesabu kama safari zenu nyingine za mwezi huo zitarudisha gharama yake.

Kutoka Staplehurst zimebaki kama kilomita 9. Lipo basi la kuelekea Hawkhurst linalopita kijiji cha Sissinghurst, lakini kutoka kijijini hadi bustanini ni kilomita 2 kwa miguu. Kwa magoti uliyoyataja, tunashauri teksi, na ipigiwe simu siku moja au mbili kabla. Staplehurst ni stesheni ndogo. Si mahali pa kutoka nje ukakuta foleni ya magari yanakungoja. Agiza ya kurudi papo hapo unapoagiza ya kwenda, kwa sababu ukiwa shambani mtandao wa simu unaweza kukukatikia.

Treni ya kati ya saa tatu na nusu na saa nne asubuhi inatosha. Angalia saa za kufungua kwenye ukurasa wa National Trust jioni ya kuamkia safari. Uwanja, mgahawa na duka hutangulia. Geti la bustani yenyewe hufuata, na kwa kawaida kabla ya saa tano na nusu mmeshaingia.

Hapo wengi hukimbilia mnara, kwa kuwa uko mbele yao. Una ngazi 78, nyembamba na za mzunguko. Kwa mama, hapana. Ukitaka panda wewe peke yako baadaye, upige picha kutoka juu, ambako nyua zote zinaonekana kama ramani, ushuke umwonyeshe. Chumba alichokuwa akiandikia Vita kiko humo mnarani.

Mkishapita geti, nendeni moja kwa moja bustani ya mawaridi, kabla makundi ya mabasi hayajafika. Katikati kuna duara la nyasi lililozungushiwa ukuta wa taksusi, na njia zinatoka humo kwenda pande nne. Msisimame katikati tu. Ingieni kwenye vijia vya pembeni, polepole, na mwambie mama apandishe baibui kidogo: vijia ni vyembamba, vichaka vimejiinamia, na miba hunasa kitambaa kisha huchana.

Tafuta kichaka kimoja cha waridi kilichoinama kama tao. Ukiangalia juu utaona maua yamejipanga kutoka shina mpaka ncha, si nchani tu. Sasa funua majani kwa mkono (mama asipiname, fanya wewe). Chini yake utaona fito za mti wa hezeli zilizopindwa nusu duara, ncha zote mbili zimezikwa ardhini, na matawi marefu ya waridi yamekunjwa na kufungwa juu yake. Hiyo ndiyo siri ya mahali hapa. Kazi hiyo hufanywa wakati wa baridi kichaka kikiwa hakina majani: matawi makavu na yaliyozeeka hukatwa, kisha yale marefu, yenye afya, hulazwa badala ya kupunguzwa.

Sababu yake ni hii. Tawi lililosimama wima lina ncha inayotoa homoni, nayo hushuka na kuyalaza macho yote ya chini, yaani sehemu zinazochipua. Ndiyo maana waridi lililoachwa linyooke huchanua juu kabisa, mahali ambapo ni ndege tu wanaoliona. Ukililaza tawi, ncha inapoteza ukuu wake. Kila jicho linaamka, linatoa kichipukizi kifupi, na kichipukizi kinatoa ua. Tawi la mita moja na nusu lililokuwa na maua manne linaweza kubeba maua urefu wake wote.

Hili mama anaweza kulipeleka Tanga bila kuulizwa na mtu uwanja wa ndege, maana kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa bogenvilia. Achukue matawi marefu yaliyotoka karibuni, yangali yanapindika. Asubiri siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, yakiwa na maji ya kutosha. Apinde fito ya mita mbili, azike kila ncha kama sentimita 25, kisha alaze tawi taratibu akianzia karibu na shina, akifunga kila baada ya shibiri mbili. Likianza kulia, asilazimishe. Alifunge hapo lilipofika na aendelee wiki ijayo. Asitumie waya, kwa sababu tawi likinenepa waya hulikata koo. Waingereza hutumia kamba ya juti. Tanga mna katani, na ni imara zaidi. Kosa la kawaida ni kulaza matawi ishirini kwa pamoja yakabanana: hewa haipiti, na ukungu unakaa. Matano au sita yaliyotengana yanatosha.

Kabla hamjatoka humo, mtafutie mama waridi la kundi la damaska. Mfano mmoja ni 'Madame Hardy', lililotolewa Ufaransa mwaka 1832: jeupe, petali zimejikunja kwa wingi, na katikati kuna kifundo kidogo cha kijani kama kifungo cha shati. Muulize anasikia harufu gani. Marashi ya mrashini, yanayonyunyiziwa wageni arusini na kwenye maulidi, hutolewa kwenye waridi la damaska, na ndilo linalolimwa Jabal Akhdar, Oman. Wazungu waliliingiza Ulaya kutoka Mashariki. Harufu hupanda hewa ikiwa tulivu na yenye joto kidogo. Kukiwa na upepo, kinga ua kwa viganja viwili usubiri.

Lipo jingine, la rangi ya zambarau iliyokolea kama divai, linaloitwa 'Sissinghurst Castle'. Lilikuwepo tayari wakati magugu yanasafishwa 1930, likiwa limejiotea humo. Na juu ya ukuta wa nyumba iitwayo South Cottage kuna 'Madame Alfred Carrière', jeupe lenye haya ya waridi, ambalo lilipandwa mwaka huohuo wa kwanza. Hilo, tofauti na ya kale mengi, hurudia kuchanua.

Kuanzia saa saba mtaanza kubanwa na watu. Tokeni nje mkale. Chakula cha kubeba kinaruhusiwa kwenye uwanja wa shamba, si ndani ya bustani. Mgahawani mnaweza kupata chai na skoni, mkate mdogo wa ngano unaopakwa jemu na malai mazito. Kwa asiyekula nyama ya nje ni chaguo salama, lakini ulizeni mafuta yaliyotumika kama mna wasiwasi. Kama mama anaswali, Adhuhuri wakati huo wa mwaka inaingia saa saba na dakika chache, hivyo inafuatana vizuri na mapumziko haya. Nyasi za shamba zina nafasi. Bebeni mkeka mwepesi usiopitisha maji. Alasiri, kwa hesabu ya Kishafii, ni kama saa kumi na moja na dakika ishirini, karibu na saa ya kufunga. Na mtahadharishe kuhusu Magharibi: itaingia kama saa tatu na robo usiku. Wageni wengi hudhani simu imeharibika.

Baada ya chakula, pitieni ua wa rangi za machweo mbele ya South Cottage: njano, machungwa, nyekundu, hakuna pinki hata moja. Mama wa pwani atapapenda, ndizo rangi za kanga. Bustani ya mitishamba iko mwisho kabisa. Ipitieni kama nguvu zipo. Njia ya miti ya linden iliyopandwa na Harold ni ya majira ya kuchipua, mwezi Juni haina mengi, iacheni. Kuna pia Delos, mteremko wa mawe unaoiga kisiwa cha Ugiriki walichokitembelea 1935. Wenyewe walishindwa: mahali panatazama kaskazini, udongo ni mfinyanzi, na mimea ya nchi kavu ilioza miguu. Mbunifu Dan Pearson alipajenga upya kwa kuinamisha ardhi kuelekea jua na kuweka kokoto nyingi, kazi ikakamilika 2021. Mtu aliyewahi kupoteza mimea kwa maji kutuama atapaelewa kuliko mtalii wa kawaida.

Bustani nyeupe iwekeni mwisho, baada ya saa kumi jioni. Huu ndio ushauri unaopuuzwa zaidi. Kila mtu anaijua, anaikimbilia saa sita, na jua la utosini linaifanya iwe kama shuka iliyoanikwa: mwangaza mtupu, huoni umbo. Vita aliipanda 1949–1950 kwa rangi za nyeupe, kijani na kijivu, na aliikusudia kwa mwanga wa jioni. Mwanga ukishuka, nyekundu na buluu hufifia machoni na nyeupe hubaki, ikionekana kama inaelea. Angalieni majani ya kijivu kwa karibu. Ukijivu huo si rangi ya jani. Ni vinyweleo vidogo vinavyokinga unyevu usikauke. Juu ya kichanja cha chuma katikati kuna waridi kubwa linalopanda, Rosa mulliganii. Picha zote maarufu zinalionyesha likiwa limefunika kila kitu kwa maua, lakini hizo ni picha za mwanzoni mwa Julai. Wiki yenu litakuwa kijani na vitumba. Huwezi kupata vyote kwa siku moja, na tukichagua kati yake na mawaridi ya kale, tunachagua ya kale.

Kuhusu magoti: bustani kwa sehemu kubwa ni tambarare, ila vijia ni vya matofali na mawe ya zamani, vimeinuka hapa na kuzama pale, na vikilowa huteleza. Viatu viwe vya soli ya mpira, vimeshavaliwa. Si siku ya kuzindua viatu vipya. Mabenchi yapo mengi. Viti vya magurudumu huazimwa, piga simu kabla. Bebeni koti la mvua badala ya mwamvuli, kwani mwamvuli kwenye vijia hivyo unapigana na miba na watu. Nyuzi joto 20 zitamtosha mama kusema kuna baridi, na asubuhi ni chini ya hapo. Awe na sweta. Juni ni kilele cha chavua ya nyasi pia, na mtu asiyewahi kuugua mafua ya chavua anaweza kuanza hapa. Uliza duka la dawa mapema kuhusu dawa ya mzio isiyoleta usingizi, hasa kama anatumia dawa nyingine.

Na asitafune kijiti chochote. Tunasema hivi kwa sababu mkono wa mtu aliyezoea mswaki wa mti huvunja bila kufikiri. Taksusi, ule ukuta wa kijani, ni sumu kali ya moyo, na digitalisi yenye vikombe vya zambarau ni hivyohivyo.

Pingili sasa. Jibu ni hapana, mara tatu. Kukata bustanini hakuruhusiwi, hata kimoja kilichokwisha anguka nusu. Duka lina miche kwenye vyungu, lakini mche wa kuingia Tanzania unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka Uingereza. Mbegu nazo msizifiche kwenye begi mkidhani ni karatasi tu. Na hata vibali vingepatikana, waridi la kale linahitaji baridi ya miezi kadhaa lipumzike ndipo litoe maua. Tanga mjini litaota majani, litashikwa na madoa meusi kwa unyevu, na halitachanua. Kama ana ndugu Lushoto, pale juu mawaridi ya kisasa yanayorudia kuchanua yana nafasi, na miche yake anunue Tanzania. Wala asinunue shada la supamaketi London akidhani ni la Kiingereza, huenda limeruka kutoka Naivasha wiki hiyohiyo.

Magoti yakigoma kabisa, badilisheni muende Mottisfont, Hampshire, mali nyingine ya National Trust. Mawaridi yake ya kale yamo ndani ya kuta za bustani ya zamani ya mboga, njia ni rahisi zaidi, na wiki bora ni zilezile. Ubaya wake ni treni: kutoka Waterloo mtabadilisha njiani, na kutoka stesheni ndogo ya Mottisfont and Dunbridge zimebaki kilomita kama 2. Teksi ya huko nayo iagizwe mapema, ya kwenda na ya kurudi.